Vibali Ndani ya Soksi

Watu wakisikia kwamba nilipokuwa na miaka kumi na minne nilicheza mpira wa Kiaustralia, tena Guangzhou kule Uchina, tena nikakaribia kuchaguliwa kwenda kambi ya vipaji, huanza kucheka. Wananiuliza ni mpira gani huo. Ninawaeleza: mpira umechongoka pande mbili, unashikwa kwa mikono, ukitaka kumpa mwenzako unaupiga teke au unaupiga ngumi, na ukikimbia nao lazima uudundishe chini kila baada ya hatua kadhaa, la sivyo mwamuzi anapuliza filimbi. Wanacheka tena. Ninawaacha wacheke. Wakimaliza wananiuliza niliishia wapi, na hapo sauti yangu hubadilika, na mume wangu hunikanyaga mguu chini ya meza ili ninyamaze. Leo hayupo mezani, kwa hiyo nitasema.

Tuliishi Sanyuanli, mama na mimi, kwenye chumba kimoja juu ya ofisi za mizigo. Baba alibaki Mwanza akiuza dukani na kupokea kontena. Mama alikuwa huku akinunua na kupakia. Alikuwa na kibali cha ukaazi kwa sababu aliandikisha ofisi ndogo ya mizigo pamoja na mshirika wake Mchina, na mimi niliingizwa humohumo kama mtoto wake. Nayasema haya mapema ili isije ikadhaniwa tulikuwa watu wa kujificha. Vibali tulikuwa navyo, halali, vina picha na mihuri yote inayotakiwa, na mama alivifunga kwenye nailoni mbili ili visilowe.

Lakini miaka ile, mwaka wa Olimpiki ya Beijing na uliofuata, kuwa na kibali mfukoni hakukukuzuia kusumbuliwa. Wafanyabiashara waliozoea kuongezewa viza kwa miezi wakawa wanapewa siku za kuhesabu, na wengine waliambiwa tu "mei you", hakuna, nendeni kwenu. Nani angeondoka na nusu ya mzigo wake imekaa ghalani? Wakabaki. Basi polisi wakawa wanasimama kwenye daraja la waenda kwa miguu, kwenye mlango wa treni ya chini, kwenye ngazi za majengo ya maduka ya jumla kule Liuhua. "Huzhao! Huzhao!" Pasipoti, pasipoti. Nilipita hapo mara nyingi nikiwa nyuma ya wazungu waliobeba mifuko mikubwa kuliko yangu. Wao walipita. Mkono uliinuliwa nilipofika mimi.

Na sisi tulikuwa na utaratibu wetu. Anayewaona kwanza anapiga kelele "Jingcha!", polisi kwa Kichina, na watu wote wanakimbia. Nasema wote, mwenye kibali na asiye nacho. Siku ya kwanza nilibaki nimesimama, nikijua niko salama, na mama akanifokea jioni nzima.

"Wewe unajiona nani?" aliniuliza. "Ukisimama kwa sababu una karatasi, umewaonyesha kwamba wanaokimbia hawana. Unakimbia na wewe! Wakikukamata, unatoa kibali, wanakisoma weee, wanakuachia. Wakati wanakisoma, mwenzio ameshafika soko la Shahe."

Yeye mwenyewe hakukimbia, goti lake lilimkatalia. Kazi yake ilikuwa kuchelewesha. Polisi akimwomba pasipoti, mama anatabasamu, anafungua mkoba, anaanza kutoa vitu kimoja kimoja na kuviweka chini: leso, rozari, kikokotoo, tepu ya kufungia mizigo, sampuli ya soli, ndizi. Pasipoti ilikuwa chini kabisa kila siku. Nimewahi kumwona polisi akikata tamaa na kuondoka kabla hajafika kwenye ndizi.

Mtu aliyekuja kuwa kocha wangu aliniona mara ya kwanza darajani. Nilikuwa nimebeba mfuko wa sampuli za viatu vya watoto, sauti ikapigwa, nikakimbia kama nilivyofundishwa. Niliruka kitambaa cha muuza betri, nikaruka robota la jinzi, nikampita mwanamume mmoja kushoto na mwingine kulia, nikashuka ngazi. Mzungu mmoja mrefu mwenye shingo nyekundu alikuwa akipanda. Alijibana ukutani nikapita. Jumapili iliyofuata, baada ya misa ya Kiingereza, yule mzungu akamfuata mama kwenye ua wa kanisa akiwa na tabasamu lililoenea uso mzima, na mama akanishika mkono kwa nguvu, akidhani tumeshtakiwa.

Kumbe alikuwa Mwaustralia, anafundisha Kiingereza, na jioni anafundisha wasichana mpira wa kwao. Alisema hajawahi kuona mtoto anayegeuza mwili namna ile katikati ya mbio. Hadithi ya daraja aliipenda mno. Aliisimulia mazoezini, aliwasimulia wazazi wa wasichana wengine, na kila akiisimulia robota la jinzi lilikuwa refu zaidi. Watu walicheka, nami nilicheka nao kwa sababu nilikuwa ndiye shujaa wa hadithi. Leo nikikumbuka kicheko kile natamani kutupa kitu. Katika mara zote alizoisimulia, hakusema hata mara moja nilikuwa nikimkimbia nani.

Mama aliucheka mpira wenyewe, akauita yai la bata. Kilichombadilisha mawazo ni shule. Mimi nilikuwa nikisomea kwenye chumba juu ya mgahawa, watoto wa umri wote pamoja, tukifundishwa na mwalimu mstaafu wa Kighana mwenye moyo mzuri na vitabu vichache. Kocha alieleza kwamba kutakuwa na bonanza la vipaji la wasichana wa kanda, timu kutoka Hong Kong, Macau, Shanghai na kwingineko. Wasaka vipaji watakuja kutoka kwao Australia. Watakaochaguliwa wataitwa kambini huko, na wakifanya vizuri kule kuna shule za bweni zinazowalipia ada. Mama alinifanya nimtafsirie sentensi hiyo mara mbili. Tangu siku hiyo hakuuita tena yai la bata, aliuita "mpira wako", na alinisindikiza mazoezini kwa metro hata siku za kupakia.

Nilijituma. Wasichana wengi walikuwa wa shule za kimataifa, wana viatu vya njumu vya saizi yao. Mimi nilivaa vya sampuli, mguu mmoja umebana. Mguu wangu wa kupigia ulikuwa mbovu mwanzoni, mpira ulikwenda ulikotaka wenyewe. Lakini nikiushika, hakuna aliyenipata. Kudundisha ndicho kilichonipendeza kuliko vyote. Mpira wa namna ile ukidunda hauna adabu, unaweza kukurudia au kukimbilia kwa jirani. Lazima uuangushe kwa pembe yake sawasawa ndipo unarudi mkononi. Nilifanya hivyo kwenye korido yetu hadi majirani wakagonga kuta.

Jirani mmoja hakugonga. Alikuwa Mkenya, msusi, chumba chake kilitazamana na chetu, nami nilimwita anti. Viza yake ilikuwa imekwisha na maombi yake yamekataliwa, na alikuwa akisuka vichwa ili apate nauli na cha kurudi nacho nyumbani. Kabla ya bonanza alinisuka mistari iliyobana hivi kwamba nyusi zilipanda juu, ili mtu asipate pa kunishika. Mama alimsihi asije uwanjani.

"Wacha wewe," anti akamjibu. "Mtoi acheze, nami nikae hapa nikitazama ukuta? Haiwezi. Hiyo ni mbali na Sanyuanli, karao, hao polisi, watafuata nini huko?"

Uwanja ulikuwa wa chuo kimoja, upande mwingine wa mji. Walikuwa wamechora duara kubwa lililopotoka juu ya viwanja viwili vya kandanda, na kila upande wakasimamisha nguzo nne za mianzi. Wazazi walikaa chini ya hema jeupe lenye masanduku ya vinywaji baridi. Mama, anti na kinamama wengine wawili wa kwetu walikaa ng'ambo, kwenye kivuli cha ukuta, na beseni la maandazi. Hakuna aliyewakataza kukaa hemani. Hakuna aliyewakaribisha pia. Asubuhi mama alikuwa amenivua kiatu, akaingiza kibali changu ndani ya soksi, kikiwa kwenye nailoni yake, akavuta soksi hadi gotini.

"Mama, nitachezaje?"

"Utacheza. Wangapi wamechukuliwa karatasi zikiwa nyumbani kabatini?"

Basi nikacheza hivyo, kibali kikinikwaruza kifundo. Mechi ya kwanza sikung'ara. Ya pili ilikuwa dhidi ya Hong Kong, na ile mechi sitaki mtu anidanganye, nilicheza. Nilidaka mpira juu ya kichwa cha msichana aliyenizidi urefu, nikapiga ukapita katikati ya nguzo mbili za ndani, mguu wangu mbovu ukiwa mzuri siku inayotakiwa. Nilikimbia pembeni nikadundisha, nikadundisha tena, nikampigia ngumi mwenzangu akafunga. Wasaka vipaji walikuwa watatu, wamekaa kwenye meza yenye mwavuli, na nilimwona mmoja akininyooshea kalamu huku akimwambia kitu mwenzake. Kocha alinionyesha kidole gumba. Wakati wa mapumziko aliniinamia akaninong'oneza kwamba nikiendelea hivi robo mbili zilizobaki, jambo limekwisha. Nilitazama ng'ambo. Mama hakujua sheria hata moja ya mchezo ule, lakini alikuwa amesimama, goti na yote.

Polisi waliingia katika robo ya tatu. Wawili. Sijui nani aliwaita. Labda mlinzi wa geti aliona weusi wamekaa ukutani akaona ni habari ya kupiga simu. Baadaye niliambiwa walivyoingia: walipita kando ya hema, mzazi mmoja akawainulia chupa ya soda kuwakaribisha, wakatikisa kichwa kwa heshima, wakaendelea. Wageni wa nchi kadhaa walikuwa chini ya hema lile, na hakuna aliyeambiwa atoe hata kadi ya maktaba. Walikwenda moja kwa moja kwa wanawake wanne wenye beseni la maandazi.

Mimi hayo sikuyaona. Nilikuwa na mpira, upande uleule wa ukuta, nafasi wazi mbele yangu, nguzo naziona. Nikasikia sauti ya anti.

"Jingcha!"

Sikufikiri. Ningependa kusema nilifikiri, nikapima, nikaamua. Mwili ulijigeuza wenyewe. Nilivuka mstari wa uwanja, nikavuka njia ya wanariadha, nikaruka viunzi vilivyopangwa pembeni, nikatoka kwa geti dogo. Nilisikia filimbi ya mwamuzi, kisha filimbi ya aina nyingine, kisha viatu nyuma yangu. Nikaingia barabara ya maduka, na nisichoweza kukieleza hata leo ni kwamba nilikuwa nikidundisha. Pale kwenye lami, katikati ya baiskeli na ndoo za samaki, kila baada ya hatua kadhaa niliuangusha mpira chini nao ukarudi mkononi. Haukunipotea hata mara moja.

Nilijificha nyuma ya duka la tambi, kati ya mitungi ya gesi. Viatu vilipita, vikarudi, vikanyamaza. Nilikaa pale nimeukumbatia mpira, na pumzi iliporudi, akili nayo ikarudi. Niligusa kifundo changu. Kibali kilikuwepo, kimelowa jasho kwa nje. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani.

Mama ndiye aliyenipata, akichechemea, akimwuliza mwenye duka kwa Kichina chake cha sokoni. Alinishika mashavu kwa mikono miwili.

"Umefanya vizuri," akasema. "Umefanya vizuri sana, mwanangu. Mmoja alikufuata wewe, mwingine nikamwekea mkoba. Anti yako ametoka kwa geti la nyuma, amejifunika taulo kichwani. Ameshapanda basi."

Nilimwuliza robo ya nne imeanza au bado. Alinitazama kama aliyezinduka. Akaniambia hajui, na tukaanza kurudi, mimi mbele, yeye nyuma akiburuta goti lake, kwa sababu bado nilidhani ninaweza kuingia nikamalizia.

Mechi ilikuwa imekwisha, waliimaliza kwa mpira mwingine. Wasichana walikuwa wamekaa majanini wakinywa maji, na meza ya mwavuli ilikuwa tupu, wasaka vipaji wameshahamia uwanja wa wadogo. Nilimwambia kocha niko tayari, kuna mechi ya tatu, anipange. Alikuwa mpole, na upole wake ndio unaoniudhi kuliko mengine yote. Aliniweka mkono begani. Akasema wamenitoa. Kasi wameiona, mikono wameiona, lakini hawawezi kumchukua mchezaji anayeweza kuondoka uwanjani katikati ya mchezo. Alisema aliwasihi.

"Kwa nini ulikimbia?" akaniuliza. "Vibali unavyo. Nimeviona mwenyewe tulipokuandikisha."

Nilikaa chini, nikavua kiatu, nikashusha soksi, nikatoa kile kifurushi cha nailoni nikamwonyesha. Kwa nini nilifanya hivyo sijui, maana alikuwa amekwisha kukubali kwamba ninavyo. Kiingereza changu kilikuwa kidogo. Nilichoweza kusema ni kwamba sisi, polisi wakija, wote hukimbia.

"Lakini hapa hakuna aliyekimbia," akasema, akanionyesha wasichana majanini. "Wewe peke yako."

Nilimchukia pale. Nimejaribu kutafuta neno lililo laini zaidi, maana alitufanyia mema mengi na nauli ya metro alinipa mara nyingi, lakini neno ni hilo. Alikuwa na macho mawili mazuri. Aliwaona polisi wakilipita hema lake. Aliona walikwenda kwa nani. Na bado alisimama pale akinieleza, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, kwamba wengine hawakukimbia.

Mama alikuwa amefika, anahema. Akataka kujua kinachosemwa, nami nikamtafsiria chote, mpaka lile la "wewe peke yako". Hakupandisha sauti. Mama yangu aliyezoea kugombana na kila laoban, mwenye duka, wa Shahe kwa ajili ya zipu moja iliyokatika, siku hiyo alisema polepole ili nisikose neno.

"Mwambie hivi. Siku ile darajani vibali vilikuwa hivihivi, unavyo mfukoni. Alikuona unakimbia, akapenda. Hakukuuliza kwa nini."

Nikamwambia. Sikupunguza wala kuongeza. Wekundu wa shingo yake ulipanda mpaka masikioni. Alitazama pembeni, kwenye nguzo za mianzi, akasema ile ilikuwa tofauti.

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anasema ile ilikuwa tofauti."

Mama akangoja, akidhani kuna maelezo yanafuata. Kocha alinyoosha mkono, akasema kitu kingine kwa sauti ya chini.

"Na sasa anasemaje?"

"Anataka mpira."

Nilikuwa bado nimeubana kwapani, sikuwa nimeuachia tangu barabarani. Mama alinitazama, akautazama mpira, akainama kuniokotea kiatu.

"Mpe," akasema. "Mpe mpira wake twende."

Nikampa. Akaufuta tope kwa kiganja, akaugeuzageuza, akaubonyeza huku na huku kuona kama haujatoboka.